Mhusika Mkataaji: Rafiki wa Shujaa Tunayemwita Msaliti

Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaitia katika insha zetu na kupewa alama. Hata hivyo, msomaji akiitazama kwa makini atagundua kwamba imesema nusu tu ya jambo. Imemtaja akufaaye, lakini asiyekufaa haikumtaja. Haikutueleza ni nani huyo, ni kwa nini hakuja, wala tumwiteje tutakapokutana naye njiani kesho yake. Makala haya yanamhusu huyo ambaye methali ilimwacha nje: yule mwandani wa shujaa ambaye, shujaa anapofikwa na mazito na kumnyoshea mkono, husema hapana.

Ninaandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kitaaluma, nayo ni kwamba uhakiki tunaofunzana vyuoni haujampa mhusika huyu nafasi anayostahili. Ya pili inanihusu binafsi, nami nitaieleza kuelekea mwisho, maana si nyepesi kuieleza.

Msaliti na mkataaji

Tuanze nyumbani. Utenzi wa Fumo Liyongo, ambao Muhammad Kijumwa aliuandika mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale ya pwani yetu, umetuachia picha ambayo kila mwanafunzi wa Kiswahili anaijua. Mwana anamdunga babaye sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini, kwa kuwa ameahidiwa kuozwa binti wa mfalme wa Pate. Karibu miaka tisini baadaye, mwaka 2001, Kithaka wa Mberia aliirejesha picha hiyo katika tamthilia ya Kifo Kisimani. Humo Gege anamuua nduguye, Mwelusi, kwa kuahidiwa binti wa Mtemi Bokono. Kisima kimo katika kazi zote mbili. Binti wa mtawala yumo, na jamaa wa karibu aliyepofushwa na tamaa yumo vilevile.

Mapokeo haya yametufanya tuwe hodari wa kumtambua msaliti. Katika kumbi za mihadhara, kama ilivyo katika karatasi za mitihani, neno "msaliti" limekuwa kapu ambamo tunamtupa kila mhusika aliyemwacha shujaa peke yake. Aliyemuuza shujaa, aliyenyamaza shujaa akikamatwa na aliyemwambia arudi kesho wote tunawapa jina hilo moja, kisha tunakwenda kwenye swali linalofuata.

Kwa maoni yangu hili ni kosa. Msaliti hubadili upande. Huahidiwa kitu na adui, akakipima dhidi ya uhai wa shujaa, akachagua kitu hicho. Mkataaji habadili upande. Hakuna aliyemnunua, na pengine adui hata hamjui. Moyoni bado yu pamoja na shujaa. Huenda hata anamwombea dua usiku. Ila mguu wake hautoki nyumbani. Wawili hawa wanaweza kuleta matokeo mamoja, yaani kuanguka kwa shujaa, lakini njia walizopitia si moja, nayo fasihi kazi yake kubwa ni kutuonyesha njia.

Kwa hivyo napendekeza tumpe jina lake: mhusika mkataaji. Tunapokutana naye tumuulize maswali matatu. Je, aliahidi? Je, alikuwa na uwezo wa kusaidia? Na je, msaada huo ungemgharimu nini? Nitayajaribu maswali haya kwa kazi chache, nyingine za mbali, kwa sababu fasihi linganishi hutusaidia kuviona vizuri zaidi vilivyo mlangoni petu.

Visingizio vya marafiki wa Timon

Kisa kilicho rahisi kuhukumiwa kimo katika tamthilia ya Shakespeare inayomhusu Timon wa Athens. Timon ni tajiri asiyejua kufumba mkono. Anawakaribisha watu mezani, anawatunza zawadi, na mmoja wao, Ventidius, anamtoa gerezani kwa kumlipia deni. Mali inapokwisha na wadai kumzingira, Timon hana wasiwasi. Anawatuma watumishi wake kwa marafiki hao akiamini kwamba sasa ni zamu yao.

Ustadi wa sehemu hii umo katika tofauti ya majibu. Lucullus anapomwona mtumishi anadhani ameletewa zawadi nyingine. Akijua kwamba anaombwa mkopo, anampa mtumishi vijisenti ili akaseme hakumkuta. Mtumishi anamrushia vijisenti vyake. Lucius amekwisha kusikia habari ya Lucullus na kumlaani kwa utovu wa shukrani, lakini anapoombwa yeye mwenyewe, analalamika kwamba bahati yake ni mbaya, kwani pesa alizokuwa nazo amezitumia majuzi tu. Sempronius anauliza kwa nini wengine hawakuombwa kwanza. Akiambiwa kwamba waliombwa wakakataa, anageuza kibao na kudai amevunjiwa heshima kwa kufanywa wa mwisho. Naye Ventidius aliyekombolewa kifungoni amekataa kama wenzake.

Maswali yetu matatu hayana kazi ngumu hapa. Uwezo walikuwa nao. Gharama ilikuwa fedha ambazo kwa kiasi kikubwa zilitoka kwa Timon mwenyewe. Ahadi ya maneno haikuwapo, lakini kila karamu waliyoila ilikuwa namna ya ahadi. Hata hivyo, tazama kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyejiunga na adui. Kila mmoja ametafuta sababu ambayo kwayo ataendelea kujiona mtu mwema. Lucius hasa ndiye anayenisumbua. Huyu alimhukumu mwenzake kwa haki, na kwa dhati, muda mfupi tu kabla ya kufanya yaleyale. Tukimwita msaliti, tumempoteza, kwa maana hatutaiona tena ile hatua fupi iliyopo kati ya kulaani ukataaji na kukataa.

Gharama inapotajwa

Kisa cha pili kinatoka Norway. Mwaka 1882 Henrik Ibsen alichapisha tamthilia inayomhusu Daktari Stockmann, ambaye anagundua kwamba maji ya mabafu ya umma mjini kwao yamechafuka. Mabafu hayo ndiyo tegemeo la mji, kwa kuwa wageni hufika kuoga humo kwa ajili ya afya zao. Daktari ana hakika kwamba atashukuriwa. Mhariri Hovstad anamwahidi kurasa za gazeti lake. Aslaksen, mwenye kiwanda cha uchapaji na kiongozi wa chama cha wenye nyumba, anamwahidi kwamba wananchi wengi wako nyuma yake. Naam, ahadi ipo, tena imetolewa bila kuombwa.

Kisha meya, ambaye ni kaka yake daktari, anafika katika ofisi ya gazeti na kueleza mambo mawili: gharama ya ukarabati itatoka mifukoni mwa wenyeji, na mabafu yatafungwa kwa muda wa miaka miwili. Hapo ndipo Aslaksen na Hovstad wanapogeuka. Kwanza wanakataa kuchapa makala ya daktari. Baadaye wanasimama pamoja na umati unaomtangaza kuwa adui wa watu. Hapa msomaji anaweza kuniambia kwamba hawa sasa ni wasaliti, nami nitakubaliana naye. Ninachotaka tukitazame ni kwamba walianza wakiwa wakataaji tu. Aslaksen hakuamka siku hiyo akinuia kumwangamiza daktari. Alitajiwa bei, akaona ni kubwa. Baada ya kukataa alihitaji kuamini kwamba daktari ndiye mwenye makosa, maana ni vigumu mtu kumnyima mwenzake msaada na kuendelea kuungama kwamba mwenzake huyo ana haki. Ibsen ametuonyesha jinsi ukataaji unavyoweza kukomaa na kuwa usaliti, jambo ambalo hatungeliona kama tungemwita Aslaksen msaliti tangu mwanzo.

Katika mji huohuo yupo Nahodha Horster. Hakutoa hotuba wala ahadi yoyote, na mambo ya siasa ya mji hayamshughulishi sana. Daktari anapokosa ukumbi wa kuhutubia, Horster anampa nyumba yake. Kwa tendo hilo mwenye meli anamwachisha kazi. Horster analipokea hilo bila makuu. Bei aliyotajiwa Aslaksen ilikuwa ya kukisiwa. Bei aliyolipa Horster ni mshahara wake.

Hasira iliyopita kipimo

Si kila mkataaji ni mwoga au bahili. Katika utenzi wa kale wa Kigiriki, Iliadi, unaonasibishwa na Homer, Akili ndiye shujaa mkuu wa jeshi la Wagiriki linaloizingira Troya. Kiongozi wa jeshi, Agamemnon, anamdhalilisha hadharani kwa kumnyang'anya Briseis, mwanamke aliyepewa Akili kama tuzo ya vita. Akili anajitenga na kuketi penye merikebu zake. Watroya wanapowabana Wagiriki hadi ufukweni, wajumbe watatu, Odiseo, Aya na mzee Foinike, wanakwenda kumsihi. Wamebeba ahadi ya zawadi tele. Akili anawapokea kwa heshima, anawalisha, kisha anakataa.

Hapa swali la ahadi linampendelea mkataaji. Aliyevunja mapatano ni Agamemnon. Akili ana uwezo kuliko mtu yeyote, na kwa muda tunaisoma hasira yake tukimuunga mkono. Tatizo ni kwamba wanaokufa ufukweni si Agamemnon. Ni askari ambao hawakumkosea Akili lolote, na pamoja nao ni rafiki zake mwenyewe. Hatimaye Patroklo, mwandani wake wa moyoni, anashindwa kuvumilia; anaazima silaha za Akili, anaingia vitani na kuuawa na Hektori. Ndipo Akili anaporudi vitani, na anarudi kwa ajili ya Patroklo. Mtunzi hakumwita Akili msaliti, wala hakumsafisha. Ametuachia mtu ambaye haki yake ilikuwa ya kweli, akaishikilia hata ikapita kipimo, na wengine wakailipia.

Mkataaji anayemkosoa shujaa

Kazi ya nne tunayo katika Kiswahili chetu. Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri tamthilia ya Julius Caesar mwaka 1963, kisha akaitoa upya baada ya kuisahihisha mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Tunapoisoma sisi huvutiwa na mauaji ya Kaizari na hotuba ya mazishi, nayo sehemu inayofuata tunaipitia kwa haraka. Humo mna wakataaji wa aina mbili ambao wanastahili tasnifu nzima.

Wa kwanza ni Cassius. Baada ya mauaji, yeye na Brutus wanaongoza majeshi dhidi ya Antony na Octavius. Brutus anahitaji dhahabu ya kuwalipa askari wake, anatuma ujumbe kwa Cassius, na anarudishiwa jibu la kunyimwa. Wanapokutana kambini ugomvi mkali unazuka. Cassius anajitetea kwamba hakukataa, na kwamba mpumbavu ni yule aliyeleta jibu. Ni rahisi kusimama upande wa Brutus. Lakini sikiliza anachokisema Brutus katika ugomvi huohuo: kwamba yeye hawezi kutafuta fedha kwa njia chafu, hawezi kuwakamua wanyonge. Wakati huohuo anamlaumu Cassius kwa kupenda rushwa, kisha analalamika kwamba Cassius hakumgawia. Ina maana shujaa ameutunza mkono wake usichafuke kwa kutegemea mkono wa mwenziwe uliochafuka. Pasipo ukataaji wa Cassius tusingeliona ufa huu katika utu wa Brutus. Kumbe mkataaji anaweza kuwa kioo ambamo shujaa naye anaonekana na dosari zake.

Wa pili ni wale wa mwisho kabisa. Brutus ameshindwa vitani, adui anakaribia, naye hataki kutekwa. Anamnong'oneza Clitus amuue, Clitus anakataa. Anamnong'oneza Dardanius, anakataa. Anamwomba Volumnius, waliyesoma naye utotoni, amshikie tu upanga ili yeye mwenyewe aurukie. Volumnius anakataa kwa hoja kwamba hiyo si kazi ya rafiki. Ni Strato anayekubali, baada ya kuomba wapeane mkono kwanza. Je, kati ya hawa wanne, ni yupi aliyemfaa Brutus kwa dhiki? Watatu walimnyima jambo pekee alilolihitaji, na walimnyima kwa upendo. Mmoja alimpa, naye pia alimpa kwa upendo. Mizani yetu ya mwema na mwovu haina pa kuuweka ukataaji huu. Methali tuliyoanza nayo nayo inaanza kutikisika, kwani kumfaa mtu na kumpa anachoomba si jambo moja.

Turudi Pate

Tukiwa na macho haya mapya, turudi kwa Liyongo gerezani. Tumekariri kwamba mama yake alimwokea mkate wa wishwa, akatia tupa ndani, na kwamba walinzi waliuacha ufike kwa mfungwa kwa sababu vyakula vizuri walivila wao. Tumekariri kwamba aliyeubeba mkate huo ni mjakazi Saada. Tumekariri pia kwamba Liyongo aliomba ngoma ya gungu iwe shufaa yake ya mwisho, na kwamba kelele za ngoma ndizo zilizoficha sauti ya tupa ikikata minyororo.

Swali ambalo sikumbuki kuulizwa darasani ni hili: walikuwa wapi wengine? Liyongo alikuwa bingwa wa vita na wa mashairi, mtu wa ukoo wa kifalme aliyejulikana na bara na pwani. Kati ya wote waliomsifu, aliyefika mlangoni pa gereza akiwa na mkate ni mjakazi, mtu aliyekuwa na uwezo mdogo kuliko wote na ambaye gharama yake, kama tupa ingeonekana, ingekuwa kubwa kuliko ya wote. Utenzi haututajii waliokaa nyumbani. Simlaumu mtunzi, kila utungo una mipaka yake. Nasema tu kwamba sisi wahakiki tumeukubali ukimya huo upesi mno. Tumeandika mengi kuhusu sindano ya shaba, na machache mno kuhusu milango iliyofungwa.

Shaaban Robert aliukaribia mlango huo katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951. Wajumbe sita walitumwa pande sita kutafuta ya kuifaa nchi yao, na waliporudi malipo yao yakawa kifungo. Nchi iliendelea na shughuli zake hadi Karama, akiwa yeye mwenyewe ni mshtakiwa, aliposimama barazani na kuyasimulia yaliyowapata. Tunamsifu Karama, na ni haki. Lakini Kusadikika ilikuwa na watu wengi.

Pingamizi

Najua lipo pingamizi, nami nimewahi kulisikia katika semina. Kwamba kumtenganisha mkataaji na msaliti ni kumpunguzia mwenye hatia mzigo. Aliyenyamaza amekubali, husemwa, na maiti ya shujaa haiulizi kama aliachwa au aliuzwa. Hoja hii ina uzito, hasa katika jamii zetu ambamo wengi wameangamia huku majirani wakichungulia dirishani.

Jibu langu ni kwamba lawama inayowaangukia wote kwa neno moja haimgusi mtu. Msomaji anapoambiwa kwamba aliyemwacha shujaa ni msaliti, anamfikiria Gege na kisu chake, anajitazama, na anajiona yu salama. Hajaahidiwa binti wa mtemi. Hajamdunga mtu sindano. Anafunga kitabu akiwa upande wa shujaa, pamoja na wasomaji wenzake wote. Ila akiambiwa kwamba yupo mhusika ambaye hakuuza mtu, aliyempenda shujaa, aliyekuwa na udhuru wa kweli asubuhi hiyo, na ambaye hakwenda, basi itambidi akae kidogo na kufikiri. Kumpa mkataaji jina lake si kumsamehe. Ni kumwondolea maficho.

Sababu ya pili

Niliahidi kueleza sababu ya pili. Nilipokuwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, bweni letu lilikosa maji kwa wiki kadhaa. Mimi na rafiki yangu tuliamua kuwaandikia wakuu barua. Maneno yalikuwa yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesifiwa kwa Kiswahili sanifu. Yeye aliitia sahihi na kuipeleka. Siku chache baadaye kundi la wanafunzi lilizua vurugu usiku na madirisha yakavunjwa. Aliyeitwa mbele ya kamati ya nidhamu ni yule ambaye jina lake lilikuwa kwenye barua.

Alinijia jioni ya kuamkia kikao. Aliniomba niende naye nikaseme mambo mawili tu: kwamba barua ilikuwa ya amani, na kwamba madirisha yalipokuwa yakivunjwa sisi wawili tulikuwa maktabani. Nilimwambia kwamba nina jaribio asubuhi hiyo. Ni kweli nilikuwa na jaribio. Ni kweli pia kwamba mhadhiri angeniruhusu kulifanya siku nyingine, na kwamba nilichokihofia hasa ni ufadhili wa karo yangu, ambao bila huo ningerudi nyumbani.

"Sawa, ndugu yangu, ufanye vizuri," aliniambia, akatoka.

Alisimamishwa masomo kwa mwaka mzima. Alirudi, akamaliza, sasa ana kazi na familia. Tukikutana ananiuliza habari za tasnifu yangu. Hajawahi kuniita jina lolote.

Nimejiuliza maswali matatu mara nyingi. Sikuahidi kwa mdomo, lakini barua niliiandika. Uwezo nilikuwa nao. Gharama sikuijua kwa hakika. Niliikisia, kama Aslaksen, na makisio yalitosha. Sijui kama maneno yangu yangebadilisha uamuzi wa kamati. Nilipoisoma tamthilia ya Timon kwa mara ya kwanza, katika mwaka wangu wa kwanza wa uzamili, nilimcheka sana Lucullus na vijisenti vyake. Nilipomfikia Lucius sikucheka tena.

Hitimisho

Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, kwetu sisi tunaofundisha au tutakaofundisha shule za upili hivi karibuni: tusimruhusu mwanafunzi aandike "msaliti" bila kuonyesha mhusika alimuuza nani, kwa nani, kwa kitu gani. Asipoweza kuonyesha, basi huenda anayemwandika ni mkataaji, na hapo aulizwe kuhusu ahadi, uwezo na gharama. Mjadala utakaozuka darasani utawafaa wanafunzi kuliko orodha ya sifa tano zilizokaririwa.

Pili, kwa wenzangu wanaotunga. Tunao mashujaa wa kutosha katika tamthilia zetu, na wasaliti pia. Natamani kumwona jukwaani jirani yake Mwelusi, mtu mwema, mwenye watoto, anayeujua mlango wa gereza na anayemjua mlinzi wa zamu. Apewe uzungumzi wa nafsi katika usiku mmoja mrefu. Tuzisikie sababu zake zote, na ziwe sababu nzuri. Kisha kuche, naye akiwa bado ameketi.

Mwenye maoni tofauti ninamkaribisha katika toleo lijalo. Nami nimekwisha kumpelekea rafiki yangu nakala ya makala haya kabla ya kumkabidhi mhariri. Ameyasoma. Amenisahihisha mahali pamoja tu: madirisha yaliyovunjwa, anasema, yalikuwa manne, nami nilikuwa nimeandika mawili. Nimeifuta idadi.